Hakuna Marefu Yasiyo na Ncha: Mjadala Kuhusu Muda wa Magongo ya Barafuni Vyuoni

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Methali hii aghalabu hutumiwa kumliwaza aliye taabuni, ajue kwamba usiku wake nao utapambazuka. Hata hivyo, ukiitazama kwa jicho la mhakiki utagundua kwamba haisemi ncha yenyewe iko wapi, wala haisemi ni nani aliyeiweka. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonishughulisha katika mwaka wa masomo wa 2022 na 2023, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jimboni Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Yalinijia kupitia mlango ambao sikuutarajia kamwe: mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Msomaji asidhani kwamba nimepotea njia. Wengi wetu tunaufahamu mpira wa magongo unaochezwa katika uwanja wa City Park jijini Nairobi. Huu wa barafuni ni nduguye wa mbali. Kila upande huwa na wachezaji sita, kipa akiwa mmoja wao. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya soli, na badala ya tufe hufukuzana na kisahani cheusi cha mpira mgumu katika uwanja wenye urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Kiwanja cha barafu kilifunguliwa katika Hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, mnamo mwaka 2005. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilialikwa Kanada kucheza, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Pamoja na hayo, mjadala ninaousimulia hapa ni wa vyuo vikuu vya Marekani, ambako mchezo huu umekuwa mila. Mashindano ya kitaifa ya vyuo kwa upande wa wanaume yalianza mwaka 1948, na ya wanawake mwaka 2001.

Mchezo huo una dakika 60, zilizogawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Saa husimama kila mara filimbi inapolia. Baina ya vipindi huwa na mapumziko ya robo saa hivi, na wakati huo gari maalumu hupita likiilainisha barafu iliyokwaruzwa. Kwa hivyo, dakika 60 za saa ya uwanjani humeza takriban saa mbili na nusu za saa ya ukutani. Wachezaji hawakai barafuni muda wote huo. Kasi yenyewe haiwaruhusu. Hupokezana zamu, na kila zamu huwa ya chini ya dakika moja, kisha hurudi benchini kuhema.

Darasa langu la mwaka wa tatu lilikuwa na wanafunzi tisa. Anayefundisha lugha ya kigeni anajua kwamba wanafunzi wakishajua kuagiza chai na kuuliza njia, hukosa la kusema. Nikaazimia kuwapa mdahalo wa aina ile tuliyolelewa nayo katika shule zetu za upili: wenye mwenyekiti, katibu, mtunza wakati, wapendekezaji na wapinzani, na wasemaji wanaowaamkua wakuu hao wote mmoja baada ya mwingine kabla ya kutoa hoja hata moja. Niliwaachia wachague mada. Nilitarajia mambo ya tabianchi au siasa. Badala yake wakaandika ubaoni kwamba muda wa mchezo wa magongo ya barafuni vyuoni upunguzwe kutoka dakika 60 hadi dakika 45, yaani vipindi vitatu vya dakika 15. Hoja hiyo haikuwa imetoka katika kikao chochote rasmi. Ilikuwa yao wenyewe. Nilipouliza sababu, nikaelezwa kwamba mmoja wao alikuwa katika timu ya wanawake ya chuo, na kwamba mwalimu alikuwa na macho, bila shaka alikuwa ameona hali ambayo binti huyo alikuwa akija nayo darasani kila Jumatatu.

Wapendekezaji walianza kwa kishindo. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ya mlinganisho. Katika mpira wa vikapu wa wanaume, mchezo wa vyuo una dakika 40 ilhali ule wa ligi ya kulipwa ya NBA una dakika 48. Ikiwa mpira wa vikapu unakiri kwamba mwanafunzi si mchezaji wa kulipwa, kwa nini magongo ya barafuni yamdai mwanafunzi dakika zile zile 60 anazodaiwa mchezaji wa NHL, ambaye hana mtihani wa kemia asubuhi? Hoja ya pili ilikuwa kwamba kanuni za muda si sheria za maumbile. Mpira wa vikapu wa wanawake vyuoni uliacha vipindi viwili vya dakika 20 ukachukua robo nne za dakika 10 kuanzia msimu wa 2015 na 2016. Mwaka 2023, kandanda ya Kimarekani ya vyuo ilibadilisha kanuni zake ili saa isisimame mara nyingi kama ilivyokuwa. Hoja ya tatu iligusa masomo. Mechi nyingi za vyuo huchezwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo timu inayosafiri huondoka Alhamisi, na vipindi vya Ijumaa huwa vimekwisha kuliwa na barabara. Msemaji wao wa mwisho alifunga kwa methali niliyokuwa nimewafundisha wiki hiyo hiyo, kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Wapinzani nao hawakuja mikono mitupu. Walisema kwamba mchezaji wa NHL hucheza mechi zaidi ya 80 kwa msimu kabla ya mtoano, ilhali timu ya chuo hucheza mechi 34 hivi. Mwanafunzi tayari amepunguziwa. Akipunguziwa tena atabaki na nini? Wakasema pia kwamba kipindi cha tatu ndicho kinachopima pumzi na moyo. Timu yenye nyota wawili inaweza kutamba kwa dakika 40, lakini ikifika dakika ya 55 hushinda ile yenye watu wengi wanaoweza kutegemewa. Kwa maneno mengine, urefu wa mchezo ni silaha ya wanyonge.

Hapo ndipo aliposimama yule binti wa timu ya chuo. Darasa zima lilitarajia kwamba angewaunga mkono wapendekezaji, kwani mjadala ulikuwa umezuliwa kwa ajili yake. Akaketi upande wa wapinzani. Alieleza kwa Kiswahili cha pole pole, akitafuta kila neno, kwamba timu huwa na safu nne za washambuliaji, watatu watatu. Safu ya kwanza ni ya nyota. Safu ya nne ni ya watu kama yeye, ambao huamka alfajiri kufanya mazoezi sawa na wenzao lakini siku ya mechi hupata dakika saba au nane. Dakika zikipunguzwa, alisema, kocha hatazitoa kwa nyota. Atazitoa kwa safu ya nne. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka kuliko makala mengi ya kitaaluma niliyoyasoma mwaka huo: "Msinipunguzie dakika. Niambieni tu saa ya kwenda nyumbani."

Hoja ilianguka kwa kura sita dhidi ya tatu. Mtunza wakati akagonga meza, darasa likatawanyika. Mimi nilibaki na ile sentensi.

Baadaye nilielewa kwamba darasa lilikuwa limejadili urefu usiostahili kujadiliwa. Dakika 60 zina ncha inayojulikana, na kila mmoja anaiona juu ya ubao wa matokeo. Tatizo liko kwenye muda wa ziada. Katika mechi za kawaida za ligi, timu zikitoka sare huongezewa dakika tano, watatu kwa watatu mbali na makipa. Hiyo imekuwa kanuni ya nchi nzima tangu msimu wa 2020 na 2021. Bao lisipopatikana, matokeo hubaki sare katika hesabu za kitaifa, ingawa baadhi ya ligi hupiga mikwaju ili kugawana pointi zao za ndani. Hadi hapo hakuna taabu. Katika mechi za mtoano, hata hivyo, mambo hugeuka. Huongezwa kipindi kizima cha dakika 20, watano kwa watano, na bao la kwanza humaliza mchezo. Lisipopatikana, barafu hulainishwa na kipindi kingine cha dakika 20 huanza. Kisha kingine. Kanuni haitaji kikomo.

Matokeo yake yameandikwa katika kumbukumbu. Mwezi wa Machi 2007, mjini Madison, Wisconsin kwenyewe, timu ya wanawake ya chuo kikuu cha jimbo hilo iliishinda Harvard bao moja kwa nunge katika robo fainali ya kitaifa. Bao hilo moja lilipatikana katika muda wa ziada wa nne, baada ya dakika 127 na sekunde 9. Machi 2010, Quinnipiac na Union, timu za wanaume, walicheza dakika 150 na sekunde 22. Ikadhaniwa kwamba huo ndio upeo. Ijumaa ya tarehe 6 Machi 2015, Massachusetts walikutana na Notre Dame. Mchezo ukavuka usiku wa manane, ukaingia muda wa ziada wa tano, na Massachusetts wakashinda mabao manne kwa matatu baada ya dakika 151 na sekunde 42. Mwanafunzi aliyeanza mechi hiyo alicheza michezo miwili na nusu kwa usiku mmoja. Ilikuwa mechi ya kwanza katika mfululizo wa mechi tatu, na Jumamosi hiyo hiyo timu mbili hizo zilirudi barafuni kwa ya pili.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunaweza kuona hapa jambo ambalo saa ya Kizungu hulificha. Katika hesabu yetu ya jadi, siku huanza jua linapotua. Mchezo unaoanza saa moja ya usiku umeanza pamoja na siku mpya, na usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa mtazamo huo, wanafunzi wale hawakucheza mechi mbili katika siku mbili. Walianza Jumamosi yao barafuni na wakaimaliza barafuni.

Kuna kanuni moja iliyonifanya nitafakari zaidi. Chama cha taifa kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, tangu mwaka 1991 kimeweka kikomo cha saa 20 kwa juma ambazo mwanafunzi anaweza kutakiwa kuzitoa kwa ajili ya michezo wakati wa msimu, na zisizidi saa nne kwa siku. Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema ya kuyalinda masomo. Siku ya mashindano, hata hivyo, ina hesabu yake. Shughuli zote za siku hiyo huandikwa kuwa saa tatu, bila kujali zimechukua muda gani hasa. Ukicheza dakika 60, umetumia saa tatu. Ukicheza dakika 151 na sekunde 42 hadi usiku wa manane ukapita, umetumia saa tatu vile vile. Nilipoisoma kanuni hiyo nilielewa kwa nini yule binti hakuomba dakika zipunguzwe. Uwanjani kuna saa inayoonyesha hata sehemu ya kumi ya sekunde katika dakika ya mwisho ya kipindi. Saa ya maisha yake, kwa upande mwingine, ilikuwa imeandikwa tarakimu moja kabla hajavaa viatu.

Sitaki nionekane kwamba siujui utamu wa mambo haya. Majira hayo ya baridi nilikwenda kutazama mechi ya mtoano iliyoingia muda wa ziada wa pili. Watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka. Waliobaki walikuwa wazazi, marafiki na wazee wachache waliojifunika blanketi magotini. Kelele za mwanzo zilikuwa zimekufa, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia makali ya chuma yakikata barafu. Kila kisahani kilipolielekea lango, watu mia kadhaa walivuta pumzi kwa pamoja. Kipa wa wageni, filimbi ilipolia, alikuwa akijiinamia mikono magotini kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Bao lilipoingia, hata waliofungwa walionekana kupumua. Sijawahi kuona mikwaju ikizaa kimya kama kile. Wanaotetea muda usio na kikomo wanatetea kitu halisi: imani kwamba mchezo wa timu uamuliwe na timu, na kwamba ushindi uchumwe ukiwa umeiva.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuusikia mjadala huu bila kukumbuka mgogoro wetu wenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliweka vina na mizani kuwa mpaka wa ushairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na vita vya wanamapokeo na wanamabadiliko vikapamba moto. Upande mmoja ulidai kwamba kanuni ndiyo sanaa yenyewe, kwa hiyo ukiiondoa hubaki na nathari iliyokatwakatwa. Upande wa pili ulidai kwamba kanuni ni chombo, na chombo kikimzuia msafiri hushuka akatembea kwa miguu. Nilizisikia sauti zile zile darasani Wisconsin, ila zilikuwa zikizungumzia barafu.

Historia huwa na mzaha wake kwa pande zote mbili. Wanaozitetea dakika 60 katika vipindi vitatu kana kwamba ziliteremshwa husahau kwamba hapo awali mchezo huo ulikuwa na vipindi viwili vya dakika 30. Mgawanyo wa vipindi vitatu vya dakika 20 ulianzishwa Kanada mwaka 1910 na chama cha kulipwa kilichoitangulia NHL. Mila ya leo ilikuwa mageuzi ya jana. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Tarbia, ambayo wengi huidhania kuwa mama wa mashairi yote, nayo ilikuwa na wakati wake wa kukua, na wahakiki humtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa kuwa ndiye aliyeipa umaarufu. Kwa hiyo, anayesema kwamba kanuni isiguswe kwa sababu ni ya kale anapaswa kwanza kuuliza umri wake.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mahali unapokoma, na mahali hapo ndipo penye funzo. Ushairi wa kimapokeo, pamoja na ukali wake wote, haukuwahi kumdai mtunzi beti zisizo na idadi. Malenga hujua kwamba mwisho upo, na hupiga kaditama akaweka kalamu chini. Kanuni zake zinambana ndani ya ubeti, lakini hazimnyimi mlango wa kutokea. Mchezo wa mtoano wa barafuni una kanuni za ndani ya kipindi na hauna kaditama. Ni utenzi unaoendelea mpaka mmoja aanguke.

Soka iliwahi kuyapitia haya, nasi Waafrika tulikuwepo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2002, bao la dhahabu lilikuwa bado kanuni. Senegal walilitumia kuwatoa Sweden, bara zima likacheza ngoma. Mechi iliyofuata Uturuki wakalitumia kuwatoa Senegal. Tuliuonja utamu na uchungu wake katika wiki moja. Kufikia mwaka 2004 kanuni hiyo ilikuwa imeondolewa. Lakini hata siku za bao la dhahabu, soka ilikuwa na dakika 30 za ziada tu, kisha mikwaju. Mchezaji aliyechoka alijua kwamba mbele yake kuna ukuta, na kwamba nyuma ya ukuta huo kuna usingizi.

Sasa nitoe msimamo wangu, kwani mdahalo usio na msimamo ni soga. Ningekuwa na kura katika darasa lile, ningeungana na wale sita. Dakika 60 zibaki. Safu ya nne isinyang'anywe kidogo ilicho nacho kwa jina la kuihurumia. Lakini muda wa ziada wa mtoano uwekewe ncha. Vichezwe vipindi viwili vizima vya dakika 20, watano kwa watano, ili anayetaka kuchuma ushindi uliokomaa apate nafasi yake. Kisha kiwepo kipindi kimoja cha watatu kwa watatu, ambacho hufungua uwanja na kuzaa mabao. Bao likikosekana hata hapo, ipigwe mikwaju, watu wakalale. Hapo mchezo hautavuka dakika 120. Juu ya hayo, saa zihesabiwe zilivyotumika. Kanuni inayoandika saa tatu mahali penye saa tano au sita haimlindi mwanafunzi. Inailinda karatasi.

Najua nitajibiwa kwamba mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao, na tangu mwaka 2025 vyuo vinavyotaka vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Je, anayelipwa bado ana haki ya kuuliza saa ya kwenda nyumbani? Ninaamini anayo, tena zaidi. Mfanyakazi wa shamba la chai kule Kericho hulipwa, na hatujasema kwamba kwa hivyo siku yake ya kazi haina mwisho. Isitoshe, fedha hizo hufuata safu ya kwanza kuliko ya nne.

Pengine msomaji anajiuliza kwa nini mwanafunzi wa uzamili, tena wa fasihi, ajishughulishe hivi na jambo la watu wa mbali. Jibu langu ni fupi. Shahada ya uzamili kwa karatasi ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa mihadhara, wa pili ni wa tasnifu. Wengi miongoni mwa wenzangu wanaosoma makala haya wanajua kwamba baada ya miaka hiyo huanza muda wa ziada. Rasimu hupelekwa, rasimu husubiriwa, sura ya pili hurudishwa baada ya muhula mzima ikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu, na ada ya kuendelea kusajiliwa hulipwa. Ninaandika haya nikiwa katika mwaka wangu wa nne. Sijalalamikia ugumu wa kazi. Kazi ngumu ndiyo iliyonileta hapa, na sitaki mtu anipunguzie sura wala anirahisishie nadharia. Ninachokitaka ni kile alichokitaka binti yule, kwamba anayeushika mwenge wa saa anionyeshe ubao. Kwenye karatasi za chuo mimi bado ni mwanafunzi wa miaka miwili, kama vile yeye alivyokuwa mchezaji wa saa tatu.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ndani ya methali niliyoanza nayo. Wahenga walisema kwamba ncha ipo. Hawakusema kwamba itajileta yenyewe. Katika mambo ya Mungu, kama vile usiku na kiangazi, ncha huja kwa wakati wake na binadamu huvumilia. Katika mambo ya binadamu, kama vile michezo, kazi na masomo, ncha huwekwa na mtu, na asipoiweka, mzigo hubebwa na aliye chini kabisa: mchezaji wa safu ya nne, kipa aliyeinama, mwanafunzi anayesubiri rasimu. Kumwambia huyo kwamba mvumilivu hula mbivu ni kuitumia methali nzuri mahali pabaya. Mvumilivu naye anastahili kujua msimu wa mavuno.

Ninawaachia wanachama wenzangu mada hii. Chama chetu hufanya midahalo kila muhula, na mara nyingi hoja zetu huwa zile zile za hadhi ya Kiswahili na athari za utandawazi, mada njema lakini zilizochakaa kwa kushikwashikwa. Jaribuni hii: kwamba kila shughuli inayomdai mwanafunzi muda wake itangaze mwisho wake kabla ya kuanza. Wapendekezaji wakae kulia, wapinzani kushoto. Na mtunza wakati, tafadhali, awe na saa inayofanya kazi.